Katikati ya kioo kila mtu ni fundi

Maji yakishakuingia kwapani kupitia mkono wa shati ndo unajua kazi ya kuosha madirisha imeanza. Sitanii. Umenyoosha mkono juu, umeshika kimopu kilicholowa tepetepe, unakipandisha kwenye kioo kwa raha zako, mara kitu cha baridi kinaanza safari kutoka kwenye kiganja, kinapita kiwiko, kinakata kona na kwenda kutulia ubavuni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalowa upande wa kulia tu, kila siku, mpaka watu wakawa wananiuliza kaka vipi, umelala kwenye dimbwi? Dawa yake nilikuja kuijua baadae na ni ya kijinga kabisa: kamua kimopu kabla hujakiinua, na dirisha lililo juu ya kichwa usilifuate kwa mkono, funga kimopu kwenye fimbo, rudi nyuma hatua mbili, maji yadondoke mbele yako. Basi. Miezi kumi na moja ya kulowa kwapa kwa kukosa tu akili ya kurudi nyuma hatua mbili.

Nimekumbuka hayo kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa na kijana mpya, siku yake ya pili kazini. Alikaa akanitazama navuta mpira wa skwiji, kile kifaa cha mkononi chenye ukingo wa mpira wa kukokotea maji, kwenye dirisha kubwa la sebule, akasema "kumbe rahisi hivi". Nikampa. Na kweli katikati ya kioo alivuta vizuri, kama kazaliwa na skwiji mkononi. Alafu akafika pembeni. Kamstari ka maji juu, kengine kushoto, kona ya chini ina povu, na kuna tone limejificha kwenye fremu linachungulia tu, linasubiri ageuke lishuke. Akafuta na kitambaa, kitambaa kikaacha ukungu, akafuta ukungu kwa kiganja, kiganja kikaacha mafuta, akapuliza pumzi akafuta na shati. Tulivyomaliza dirisha lilikuwa chafu kuliko tulivyolikuta. Nikamwambia bwana mdogo, katikati ya kioo kila mtu ni fundi, sisi tunalipwa kwa ajili ya pembeni.

Ngoja niuelezee huo upembeni maana ndo penye kazi. Mpira ukiuanzisha kwenye kioo kilicholowa, pale unapogusa mara ya kwanza unaacha alama ya maji, hata uwe bingwa wa namna gani. Kwa hiyo kabla hujavuta unakausha kamkanda kembamba kwenye ukingo unaoanzia, sentimita mbili tatu hivi, kwa kitambaa au kwa ncha ya mpira wenyewe, ili mpira uanzie pakavu ndo uingie kwenye maji. Sisi tunaita kukata kingo. Kisha unavuta, na unapovuta unauinamisha mpira kidogo ili maji yasukumwe kwenda upande ambao bado umelowa, yasirudi kwenye ule uliokwisha kausha, na kila mvuto unaupandisha juu ya mvuto uliopita kwa sentimita tatu nne. Ukimaliza mvuto mmoja futa mpira. Kila mvuto. Najua inachosha na najua kuna wanaofuta kila baada ya mivuto mitatu, na mi nawaona tu na michirizi yao.

Huo ndo mvuto wa kunyooka, wa kujifunzia. Ukishauzoea kuna mtindo wa nyoka, mpira hautoki kwenye kioo kabisa, unaenda kushoto unarudi kulia unashuka mpaka chini kwa pumzi moja, na ukiuona unafanywa na mtu anayejua unaweza ukasimama kutazama kama mpira wa miguu. Siri yake iko kwenye kugeuka. Ukifika ukingoni ile ncha ya chini inakaa kama mguu wa bikari uliochoma karatasi, ncha ya juu inazunguka, na mkono wako ndo unapinda kwenye kifundo, sio bega. Wanafunzi wengi wanageuza bega, mpira unanyanyuka kwa robo sekunde, na hiyo robo sekunde inabaki kwenye kioo kama mwezi mwandamo. Mimi nilijifunza kwenye kioo cha mlango wangu wa nyuma usiku, na maji matupu, miezi miwili, jirani akidhani nimepatwa na jambo.

Sasa mpira wenyewe. Watu wananiuliza nanunua sabuni gani, hakuna anayeniuliza mpira nabadilisha lini, na hapo ndo penye tofauti yote. Chukua mpira mpya uangalie kwa karibu, ukingo wake una pembe kali, mraba kabisa, ndo hiyo pembe inayokata maji. Ukiutumia kwenye tofali, kwenye mchanga, kwenye silikoni iliyokauka, pembe inalika inakuwa duara, na mpira wa duara haukati maji, unayapanda. Unaona kioo kizuri, alafu jua likikigeukia unaona utando mwembamba kama pumzi. Mpira una kingo mbili kwa hiyo mmoja ukichoka unageuza, wa pili ukichoka unatupa, usiuonee huruma. Na ukiukata, ukate uwe mrefu kuliko reli yake, kile chuma kinachoushika, milimita mbili au tatu zitokeze kila upande. Ukiwa mfupi, chuma kinafika kwenye fremu kabla ya mpira, unaacha mstari wa maji pembeni kila dirisha siku nzima, au mbaya zaidi chuma kinakwaruza. Kata mara moja tu kwa kisu kikali, usikate kama unasaga, ncha ikiwa na meno itachora mistari.

(Kwa wanaopenda historia: hii skwiji nyepesi tunayoitumia leo, ya reli moja na mpira mmoja, ilitengenezwa na Mtaliano aliyehamia Marekani, Ettore Steccone, muosha madirisha kama mimi na wewe, akaipatia hataza mwaka 1936. Kabla ya hapo walikuwa wanabeba dude zito la chuma lenye mipira miwili, na ukitaka kubadilisha mpira unafungua skrubu kumi na mbili. Kumi na mbili! Mimi nikiwa juu ya ngazi kofia inanishinda kuvaa vizuri.)

Sabuni ni kidogo kuliko unavyofikiri. Ndoo ya lita 10, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo kinatosha, na mara nyingi naweka pungufu. Kazi ya sabuni hapo ni kulegeza uchafu na kufanya mpira uteleze. Ikiwa kidogo sana mpira unakwama na kurukaruka, unasikia kabisa tatatata kwenye kioo kama gari bovu. Ikizidi unapata povu ambalo halitoki kwenye kona, na utando unaobaki unavuta vumbi, wiki ya pili mteja anakupigia anasema umemwosha na nini. Mpira mzuri kwenye maji mazuri hausikiki, unapita kimya. Nikiwa nafanya kazi na mtu chumba kingine najua kwa masikio tu kama maji yake yako sawa.

Jua nalo ni mtihani. Kioo kikiwa na joto maji yanakauka kabla hujashika mpira, sabuni inagandia pale pale, na unajikuta unaosha dirisha moja mara tatu. Kwa hiyo unazunguka nyumba ukilikimbia, asubuhi upande huu, mchana upande ule. Kama huna namna na lazima uoshe juani, lowesha zaidi, fanya kipande kidogo kidogo, na usianze kuzungumza na mtu.

Kuzungumza na mtu ndo kulikoniletea ile ya ndoo. Nilikuwa ndani, ofisi nzuri ina zulia la rangi ya krimu, nimemaliza kioo kikubwa kinachoanzia sakafuni mpaka darini, kimetoka safi mpaka naona aibu kukiita kioo. Mama mmoja wa pale akaja akanisifia, na mimi sifa zinanilewesha upesi, nikamwambia ngoja uone ukikaa huku, nikarudi nyuma hatua mbili. Unazikumbuka zile hatua mbili nilizozisifia hapo juu? Ya kwanza salama. Ya pili iliingia kwenye ndoo. Mguu mzima na kiatu chake, na nilivyojaribu kuutoa ndoo ikaja nao, ikanisindikiza kidogo, alafu ikalala ubavu. Lita nane za maji meusi kwenye zulia la krimu. Yule mama hakusema kitu, alisogeza tu mkoba wake. Nilipiga magoti na mataulo kama mtu anayeomba toba, na kusema kweli ilikuwa toba.

Tangu siku hiyo ndoo yangu inakaa mbele yangu, chini ya dirisha ninaloliosha, juu ya taulo, na ndani ya nyumba naijaza theluthi tu. Haipandi kwenye ukingo wa dirisha, haipandi kwenye meza, haikai nyuma yangu hata dakika moja. Kwa vioo vya ndani vidogo siku hizi situmii ndoo kabisa, nina chupa ya kupuliza na kimopu kilichokamuliwa, kinatosha.

Alafu kuna ugomvi wa kudumu wa hii kazi: doa liko upande gani. Wewe uko nje, mteja yuko ndani, anaonyesha kwa kidole, unafuta, anatikisa kichwa, anaonyesha tena, unafuta tena kwa nguvu zaidi, anakuja mpaka karibu anagonga kioo pale pale, na sasa umepata doa na alama ya kidole. Mko hapo watu wazima wawili mnaoneshana vidole kama watoto, na doa liko upande wake. Karibu kila mara liko upande wake. Kama hujaajiri msaidizi, ujanja ni huu, mwisho wa mvuto wa nje umalizie kwa kushuka, wa ndani umalizie kwa kwenda pembeni, kwa hiyo michirizi ikibaki, iliyosimama ni ya nje, iliyolala ni ya ndani. Hutakiwi kufikiri, unaangalia tu mwelekeo. Ndo ujanja wa kwanza ninaomfundisha kila mtu na ndo wa kwanza wanaousahau.

Ila kuna wakati doa haliko upande wowote. Nilipigiwa simu nirudi kwa mteja mmoja mara mbili, dirisha la jikoni, analalamika nimeacha ukungu. Nikaosha nje, nikaosha ndani, nikaosha nje tena. Ukungu uko pale pale unanitazama. Mara ya pili ndo nikaweka pua karibu kabisa na kioo nikaona: lilikuwa dirisha la vioo viwili, na ukungu uko katikati yake. Madirisha haya vioo viwili vinaunganishwa pembeni kwa fito nyembamba iliyojazwa chembechembe za kunyonya unyevu, na juu yake wanaziba. Ile zibo ikichoka hewa yenye unyevu inaingia, zile chembe zinashiba, na unyevu unaanza kufanya ukungu ndani mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika. Unaona? Pembeni tena. Sasa kabla sijagusa ndoo nazunguka na mteja, namuonyesha kila dirisha lenye ukungu wa ndani, kila mkwaruzo, kila ufa, napiga na picha. Wengine wanaona nawapotezea muda. Hewala, ila sitaosha tena ukungu wa katikati.

Hiyo tabia ya kupiga picha ina sababu nyingine, na hii bado inaniuma.

Nyumba mpya, mafundi wametoka juzi, vioo vimejaa matone ya rangi, plasta, gundi ya stika, saruji kidogo. Kazi ya kawaida ya baada ya ujenzi. Kwa hizo unatumia wembe wa kukwangulia, mpana kama kiganja, unalowesha kioo vizuri na sabuni, unasukuma kwenda mbele tu. Mbele tu! Usiurudishe nyuma ukiwa umegusa kioo, maana ukirudi unaburuta kila kilichonasa chini yake, na mchanga ni mgumu kuliko kioo, kwenye kile kipimo cha Mohs kioo kiko kama 5.5 na mchanga wa kwatzi uko 7, kwa hiyo ni sawa na kuchora kwa msumari. Nilikuwa nayajua yote hayo. Wembe mpya, maji mengi, mbele tu. Nikamaliza madirisha sita. Jioni jua likaingia kwa pembeni, na mwenye nyumba akaniita kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko ya kufoka. Vioo vyote sita vilikuwa na mikwaruzo, myembamba kama nywele, mamia, yote imenyooka kufuata njia ya mkono wangu.

Nilikuja kuelewa baadae kwa kusoma na kuuliza waliotangulia. Vile vilikuwa vioo vya tempa, vile vinavyopashwa moto tanuruni zaidi ya nyuzi 600 alafu vinapozwa ghafla kwa hewa ili viwe imara mara nne hivi ya kioo cha kawaida na vikivunjika viwe punje punje. Kabla ya kuingia tanuruni kioo kinatakiwa kioshwe vizuri, maana kikikatwa na kusagwa pembeni kinabaki na vumbi la kioo. Kisipooshwa vizuri, lile vumbi linashikana na kioo kwa moto, linakuwa vipele ambavyo macho hayavioni. Wembe wako ukipita unavibandua, na vikibanduka vinaburutwa chini ya wembe, vioo kwa kioo. Kwa hiyo kosa limetengenezwa kiwandani, ila mkono ulioonekana ni wangu. Na wewe ndo wa mwisho kuondoka, unafikiri atamlaumu nani?

Siku hizi nikiingia nyumba mpya kitu cha kwanza naangalia kona. Kioo cha tempa mara nyingi kina muhuri mdogo kwenye kona, umechorwa kwenye kioo chenyewe, hautoki. Nikiuona, nalowesha kioo napitisha ncha za vidole taratibu. Kikiteleza kama sahani, sawa. Kikiwa na vipele kama msasa mlaini, naweka wembe mfukoni na namuita mwenye nyumba aguse kwa mkono wake mwenyewe, alafu tunaandikishana. Wembe sikwangui bila saini. Badala yake natumia sufi ya chuma ile laini kabisa yenye namba 0000, kioo kikiwa kimelowa, na muda mrefu zaidi. Saruji na maji yanayotiririka kutoka kwenye zege ni kesi nyingine, yale yanakula kioo chenyewe yakikaa, kwa hiyo kama fundi bado anajenga mwambie afunike, usisubiri kuja kusafisha.

Na vioo vyenye tinti pia wembe mwiko, hata uwe umekasirika vipi na ile stika. Ile ni plastiki imebandikwa, wembe unaichana na dawa za amonia zinaiharibu. Maji na sabuni, mpira laini, basi.

Fimbo ndefu ya maji, ile inayopandisha maji mpaka kwenye brashi iliyo nchani, nilichelewa kuinunua kwa ubishi. Nilikuwa nasema dirisha lisilokaushwa halijaoshwa. Ilichukua siku moja kunyamaza. Maji ya kawaida yana chumvi na chokaa, yakikauka kwenye kioo tone linaondoka linaacha alama yake, yale madoadoa meupe. Ukiyachuja mpaka yabaki maji matupu, kale kakipimo ka kupima chumvi iliyo kwenye maji kakisoma sifuri au karibu na sifuri, yanakauka bila kuacha kitu kwa sababu hayana kitu cha kuacha. Unasimama chini, brashi iko ghorofa ya pili, unasugua, unasuuza kuanzia juu, unaondoka. Hugusi mpira. Ila usisahau kusuuza fremu ya juu na kusubiri ichuruzike kwanza, maana uchafu uliojificha kwenye gasketi, ule mpira unaoziba kati ya kioo na fremu, unashuka dakika tano baada ya wewe kukunja bomba, na mchirizi wake ni mrefu kama machozi. Na ukiona kipimo kimeanza kupanda badilisha kichujio, usijidanganye eti bado kidogo.

Ila fimbo nayo ina ajali zake. Ukiwa chini huoni dirisha la juu likiwa wazi kidogo tu, kale kaupenyo ka vidole viwili ka kuingiza hewa. Mimi niligundua kwa kusikia mtu akipiga kelele juu. Kumbe alikuwa amelala. Mchana, kitanda chini ya dirisha, na mimi nimemsuuza kuanzia miguuni. Alitoka mlangoni na shuka limemng'ang'ania mwilini, ananitazama, na mimi sikuwa na la kusema isipokuwa "pole, nilidhani limefungwa". Akajibu "sasa je?" na kurudi ndani. Tangu hapo nagonga mlango kwanza, nazunguka nyumba nzima macho juu, dirisha kwa dirisha. Natazama na mizinga ya manyigu hapo hapo. Manyigu hawaoshwi, nasema tu. Nilijaribu.

Ngazi nitaisema kwa ufupi kwa sababu sina mzaha nayo. Kila mita nne za kupanda, mguu wa ngazi uwe mita moja kutoka ukutani. Usiiegemeze kwenye kioo, hata sekunde. Majani yaliyolowa ni sabuni, vigae vilivyolowa ni sabuni zaidi, na maji yaliyolowesha vigae ni yako mwenyewe. Kiuno kikishavuka nguzo ya ngazi kwa sababu unakifuata kale kaukingo ka mwisho, shuka, sogeza, panda. Wote ninaowajua walioanguka walikuwa wanafuata sentimita ishirini za mwisho. Mimi pia, mara moja, kichaka kikanipokea, na kilikuwa na miiba.

Watu wa ghorofa refu hao ni watu wengine kabisa, mi nawavulia kofia nikiwa chini. Ile Burj Khalifa ya Dubai ina urefu wa mita 828 na madirisha zaidi ya 24,000, na wakimaliza kuosha wanarudi kuanza upya kwa sababu mwanzo umeshachafuka. Ninachojiuliza mimi ni kitu kimoja tu, doa likiwa upande wa ndani wanaoneshanaje.

Mvua. Nyote mnajua simu za mvua. Umeosha asubuhi, mchana imenyesha, jioni mteja anataka urudi bure. Mvua yenyewe haichafui kioo kisafi, kinachochafua ni vumbi lililokuwa limekaa pale, mvua inalichora tu. Kioo kilichooshwa na fremu yake na ukingo wake wa chini kinapita kwenye mvua kikikauka unakikuta vile vile. Kilichooshwa katikati tu ndo kinakuaibisha, maana mvua inachukua uchafu wa kwenye fremu inaushusha. Kuna hata vioo vinavyojiosha vyenyewe, Pilkington walianza kuviuza mwaka 2001, vina utando mwembamba wa titani dioksidi, jua linaulegeza uchafu na mvua inateremka kama shuka badala ya matone. Wateja wangu wawili wanavyo. Wote wawili bado wananiita, kwa ajili ya fremu.

Kesho nina nyumba yenye madirisha thelathini na mawili, kijana wangu anakuja, na nimemuahidi kumuachia upande mzima wa nyuma na kingo zake zote. Nimekaa hapa naandika huku natayarisha vifaa vyake, taulo zimekauka, maji nimeshachuja, reli ya sentimita 35 nimeisugua inang'aa, na mpira mpya nimeukata sasa hivi kwa kisu kikali, mara moja tu, safi kabisa.

Nimeuingiza kwenye reli. Ni mfupi.